Mtihani wa Leso: Miaka Yangu ya Kuuza Kadi za Gemu Thika

Nyinyi mnaopita hapa kwa kitalu changu Kalimoni mkijifanya mmekuja kuuliza bei ya miche ya avokado, halafu mnatoa simu na kunionyesha picha ya kompyuta, nimeshawajua. Naandika mara moja msome wote, ili miche nayo ipate maji. Mnaniita mstaafu. Nina miaka ishirini na tisa. Lakini ni kweli nilifanya kazi miaka minane kwa duka moja la kompyuta Thika mjini, nikaacha, na huku kwetu ukiacha kazi na uonekane asubuhi umevaa gambuti ukimwagilia, wewe ni mstaafu. Nimekubali.

Sikusoma sana. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mamangu mpaka leo hazitaji mbele ya wageni. Haya ninayowaambia nilifundishwa na kazi, na mengi nilifundishwa kwa kukosea.

Swali lenu ni lile lile kila wiki: auntie, nichukue kadi gani, ya bei ama hii nyingine? Mnaongea juu ya kadi ya grafiki, ule ubao wenye feni unaochomekwa ndani ya kompyuta ili ichore picha za gemu haraka. Kadi ya bei huchora picha nyingi zaidi kwa sekunde. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni kama wewe utaziona hizo picha. Na niwaambie ukweli, mtu akisimama mbele ya kadi mbili akiwa ameshika pesa, hata leo, hata kama ni kwa picha ya simu, mimi simjibu haraka. Nitawaeleza kwa nini.

Mwaka wangu wa kwanza niliuzia kinyozi wa Witeithie kadi nzuri sana. Aliondoka akiimba. Kesho yake alirudi na kompyuta imefungwa nyuma ya bodaboda kama gunia la viazi. Kompyuta yake ilikuwa hizi za ofisi zilizotumika ng'ambo, tunazoziita ex-UK, na pawa saplai, kile kisanduku cha ndani cha kugawa stima, ilikuwa ndogo, haina hata waya wa kulisha kadi. Alikuwa ametafuta huo waya usiku mzima. Akaniuliza, mbele ya wateja, "Sasa madam, hii kadi yako inakula nini? Hewa?" Watu walicheka wiki nzima. Mimi nilicheka mwaka uliofuata.

Kwa hivyo la kwanza, kabla hujauliza bei ya kadi, fungua kompyuta yako uangalie nyaya. Kama hakuna waya wa ziada, kuna kadi ndogo ambazo hula stima kutoka kwa ubao mkuu wa kompyuta. Chukua hizo. Usione haya.

Aliyenifundisha anaitwa Mzee Ndung'u, na ndiye mwenye duka. Alianza na kutengeneza redio, ndiyo maana bado anaamini pua yake. Akiletewa kadi iliyotumika, haanzi kuiwasha. Anainusa. Kadi iliyofanyishwa kazi mchana na usiku miezi mingi inanuka kama pasi iliyosahaulika kwa nguo. Halafu anaangalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimelika, kuna mtu aliifungua, na yeye humuuliza muuzaji polepole, "Ulikuwa unatafuta nini ndani?" Wengi hukumbuka wameacha kitu kwa gari.

Lakini kitu chake kikubwa ni leso. Siku hizi vijana wanakuja wameshamaliza kuchagua. Wameangalia video kumi za watu wa ng'ambo wenye vyumba vya kupendeza, wanataja namba za kadi kama mistari ya Biblia. Mzee hawabishii. Anaweka kompyuta mbili, moja ina kadi ya bei, nyingine ina kadi ya wastani, anafunika kompyuta zote mbili na leso za mkewe, anamwambia mteja, "Keti. Cheza hapa, cheza hapa. Uniambie bei ya juu iko wapi." Mteja akijua, anauziwa ile ya bei. Asipojua, Mzee anamuuzia ya wastani na kumwambia aende anywe chai na tofauti.

Nilikuwa nikiuona huo mtihani ni wa kuharibu biashara. Baadaye nikaupenda. Halafu siku moja niliufanya vibaya, na hiyo ndiyo hadithi niliyoketi kuandika.

Kimani alikuja dukani Ijumaa moja Mzee akiwa ameenda matanga. Alikuwa rika langu, mrefu, anaongea huku anatabasamu na macho yanaangalia mlango. Alikuwa amefanya kazi kwa shamba la maua upande wa Ruiru mpaka kandarasi ikaisha, na pesa ya kuagwa ndiyo alikuwa nayo kwa mfuko wa shati, kifungo kimefungwa. Alikuwa amekodisha chumba cha mbele cha ploti ya nyumba za kupanga wanayoishi huko Ruiru, afanye chumba cha gemu. Mtu anaingia, analipa, anacheza, anaenda. Landlodi alimpa mwezi mmoja. Chumba kikitoa kodi, abaki nacho. Kisipotoa, arudishe funguo, na akirudisha funguo hana pesa ya kukaa Ruiru tena. Yeye na mkewe Nyambura, mwenye mimba ya miezi saba, wangerudi kwa wazazi wa Kimani Murang'a kulala kwa stoo iliyo na mbolea.

"Nyambura amesema hatazalia karibu na mbolea," akaniambia, akicheka kidogo. "Tunafungua Jumamosi ijayo. Kompyuta iko, skrini iko. Imebaki kadi."

Haya yote alinieleza kabla hajauliza bei. Mngefanya nini nyinyi? Mimi nilikuwa nimeshaanza kuupenda huo mradi. Mimi ni mtu wa ndoto, hiyo si siri, nilikuwa nachora gemu yangu kwa daftari, gemu ya mtoto anayekimbia na jerikeni mtaani Landless nilikokuwa nimepanga. Nikaona chumba cha Kimani kimejaa, na siku moja gemu yangu inachezwa humo.

Kulikuwa na kadi mbili za ukoo mmoja, kubwa elfu thelathini na nane, ndogo elfu kumi na nne. Nikazichomeka kwa kompyuta mbili za duka, nikazifunika na leso kama Mzee. Kimani akaketi, akacheza mpira, akacheza magari. Hata dakika tano hazikuisha.

"Ya kushoto," akasema. "Hii inateleza kama maji."

Ilikuwa kweli ya kushoto. Alikuwa amefaulu mtihani, na mimi nikafurahi kama ni mimi nimefaulu. Nikamwambia, "Chukua hiyo. Watu watatoka mpaka Juja kuja kwako." Akafungua kifungo cha shati. Kabla hajamaliza ngazi za jengo alikuwa ameshajipiga picha na boksi na kuiweka kwa stetasi ya simu watu waione.

Mzee aliporudi Jumatatu akaona pengo kwa rafu, alinipongeza. Na hapo ndipo wasiwasi ulianza. Sikujua ni nini. Nilikuwa nashika bisibisi, naiweka, naishika tena. Usiwahi kudharau wasiwasi wako kwa kazi. Huwa umeona kitu ambacho wewe ulipita ukiwa na haraka.

Alhamisi Kimani akapiga simu.

"Madam, inazima."

"Inazima aje?"

"Inazima tu. Naiwasha, mtu akianza kucheza inazima. Jana hivyo, juzi hivyo. Asubuhi iko sawa. Ni hii masaa ya jioni."

Nikamwomba Mzee ruhusa bila kumweleza vizuri, nikaenda Ruiru. Ploti ya Kimani ina nyumba kumi na mbili, na zote zinakula stima ya laini moja. Keyateka, mtunzaji wa ploti, ndiye alinifungulia geti. Chumba cha mbele kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu, bado inanuka. Nyambura alikuwa ameketi kwa kreti ya soda akikata karatasi za tangazo na makasi. Kwa meza kulikuwa na kompyuta na skrini.

Niliangalia hiyo skrini mara mbili. Ilikuwa skrini ya ofisi, ya zamani, karibu mraba, ile ya kuandikia barua. Hiyo haiwezi kuonyesha zaidi ya picha sitini kwa sekunde hata uiombe. Kadi kubwa inachora mia na zaidi, nyingi zinatupwa tu. Kimani alikuwa amefanya mtihani wangu kwa skrini ya duka, pana na ya kasi, ambayo Mzee alitoa Nairobi kwa ajili ya maonyesho.

Saa kumi na mbili na nusu watu wakaanza kurudi kutoka kazini. Tulisikia milango, halafu maji. Wakawasha shawa za moto, pasi na koili za kupikia. Balbu ya chumba ikageuka rangi ya uji wa wimbi. Kimani akasema, "Sasa angalia," kama mtu anayekuonyesha jino bovu. Akaingia gemu, gari likakata kona ya kwanza, kadi ikavuta nguvu, na kila kitu kikawa cheusi.

Nyambura akaweka makasi chini. "Ni mbovu?"

"Si mbovu," nikasema. "Ni mimi."

Nikawaeleza. Kadi kubwa inataka nguvu nyingi, stima ikishuka jioni na pawa saplai ni ya bei rahisi, mashine inakata tamaa. Na jioni ndiyo saa ambayo wateja wake wana nafasi. Kimani alisikiza akitikisa kichwa polepole.

"Ninunue pawa saplai kubwa?"

"Itasaidia kidogo. Lakini stima ya ploti hutanunua."

Hakuna aliyenifokea. Ningefokewa ningelala vizuri zaidi.

Ijumaa ilikuwa siku ya saba. Mzee hupokea kadi ikirudi ndani ya siku saba, na boksi lake, bila mkwaruzo. Baada ya hapo ni yako. Nilimkuta akinywa chai na mandazi, nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja.

"Ulimpima?" akauliza.

"Nilimpima."

"Na skrini gani?"

"Hii ya dukani," nikasema. Mzee akaendelea kutafuna.

"Basi ulipima duka langu, Wambui. Yeye hukumpima."

Akainuka, akaitoa ile kadi ndogo kwa rafu, akaikunja ndani ya leso, akanipa. "Nafunga saa kumi na mbili. Nina harusi ya mtoto wa dada yangu kesho, sikungojei."

"Na akikataa kurudisha?"

"Akikataa, utakuwa umeuza vizuri," akasema. Sijawahi kuchukia mandazi kama siku hiyo.

Huko Ruiru Kimani alikubali mtihani, safari hii kwa skrini yake mwenyewe, lakini alikubali kama mtu anayekubali sindano. Alitoka nje, nikafunga mlango, nikaanza kubadilisha kadi. Kuna kile kishikizo kidogo cha plastiki mwisho wa nafasi ya kadi. Ukikisahau ukavuta, kinavunjika na kadi inakwaruzika. Nimekifungua mara elfu, lakini siku hiyo nilikitafuta na kidole kama sijawahi kukiona. Nyambura alinishikia tochi ya simu.

Nikafunika na leso. Kimani akaingia, akacheza, akatoka. Nikabadilisha. Akaingia tena. Mara ya kwanza, baada ya kucheza zote mbili, alisema, "Hii ndiyo kubwa." Ilikuwa ndogo. Akacheka, akasema alikuwa na haraka. Mara ya pili akachukua muda, akaegemea skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. Akasema, "Hii sasa. Hii nina uhakika." Ilikuwa ndogo.

"Rudia," akasema.

Mara ya tatu hakucheza sana. Aliachilia mikono, akaangalia gari lake likigonga ukuta na kubaki hapo.

"Sijui," akasema. "Zinafanana."

Nilidhani hapo kazi imeisha. Sikumjua mwanamume aliyeweka boksi kwa stetasi. Kimani aliketi akaangalia mlango, halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba labda abaki nayo. Labda wateja waje mchana. Labda landlodi atatengeneza stima.

Nyambura akamwambia, "Sema ukweli, Kim."

"Watu wameiona," akasema. "Ploti nzima imeona hilo boksi. Keyateka alilibeba yeye mwenyewe kutoka geti. Nitapita hapo nalo tena nikienda wapi?"

Sasa elewa. Huyu mtu alikuwa karibu kupoteza chumba, na mkewe karibu kupelekwa kwa stoo ya mbolea, kwa sababu ya hatua thelathini kutoka mlangoni mpaka geti. Wala simcheki. Nusu ya kadi za bei nilizouza miaka minane zilinunuliwa kwa ajili ya watu wasiozicheza. Hilo haliandikwi kwa boksi. Jiulize mapema: nani ataiona hii kadi, mimi ama jirani?

Ilikuwa imepita saa kumi. Nyambura ndiye aliyeinuka, akashika mgongo, akaweka ile kadi kubwa ndani ya boksi, akampa mumewe mikononi.

"Mimi nazalia Ruiru," akasema. "Beba."

Akabeba. Alilishika mbele ya kifua kama trei ya mayai. Wamama waliokuwa wakifua wakainua macho. Keyateka akainuka kwa kiti chake cha geti.

"Kim, kwani imeharibika?"

"Haijaharibika," Kimani akasema. "Ni kubwa kuliko nyumba."

Keyateka akafikiria. "Kama sofa ya dada yangu," akasema, akafungua geti.

Tulifika Thika saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Mzee alikuwa ameshateremsha pazia la chuma nusu. Tuliingia tukiwa tumeinama. Akaiweka kadi chini ya taa, akainusa, akaangalia skrubu, akaigeuza. Akasimama.

"Huu ni mkwaruzo?"

Kimani aliniangalia, nami niliangalia sakafu. Mzee akalamba kidole, akapitisha. Ikatoka. Ilikuwa rangi ya bluu ya ukuta.

Akaipokea. Bei ya ile kubwa ikawa kadi mbili ndogo na kompyuta ya pili ya ex-UK, na skrini ya pili Mzee aliitoa stoo bila kusema kitu. Haikuwa na mguu. Tuliiegemeza kwa matofali.

Mwisho wa mwezi Kimani alilipa kodi na funguo zikabaki mfukoni mwake. Hilo nawaambia mapema ili msihangaike kama mimi. Lakini Jumamosi hiyo ya kufungua hatukujua. Zile kadi ndogo tulikuwa tumezijaribu mchana tu, stima ikiwa na nguvu, na sasa mashine ni mbili badala ya moja. Nilihesabu stima vizuri kwa karatasi. Hata na ile kubwa nilidhani nimehesabu.

Asubuhi hawakuja watu. Saa nane wakaja wawili. Kufika saa kumi na mbili walikuwa tisa, wengine wamesimama mlangoni wakila mahindi na kutukana wachezaji. Fundi wa mawe, bado ana simiti kwa viatu, alikuwa akicheza mpira na mama anayeuza chapati ng'ambo ya barabara, na mama alikuwa akimfunga.

"We mama, hii umejifunzia wapi?"

"Kwani chapati ni za siku nzima? Cheza, acha maneno."

Kisha nikasikia mlango wa kwanza wa ploti. Halafu maji. Nyambura pia alisikia, kwa sababu aliacha kupokea pesa. Kimani alikuwa ameweka mkono juu ya kompyuta moja kama anaipima homa. Kama ingezima hapo, mbele ya watu tisa, nani angerudi Jumapili?

Balbu ikaanza kubadilika. Ikawa ya manjano, halafu ya kahawia, halafu ile ya uji. Nilijikuta nimesogea mpaka katikati ya chumba, nimeinama mbele ya skrini, nasikiza feni. Ilipanda kidogo. Ikashuka. Ikaendelea. Nikabaki hapo, sijui kwa muda gani, macho kwa ile taa ndogo ya kijani ya kompyuta.

"Madam," fundi wa mawe akasema nyuma yangu, "songa kidogo. Unanizibia, na huyu mama ananifunga bao la nne."

Nikasonga.